Usipake Kitu Kwapani

Mwanamke anayekwenda kupigwa mamografia, yaani eksirei ya matiti, kwa mara ya kwanza hapa Kensington, mashariki mwa Johannesburg, hupewa maagizo mafupi kwa ujumbe wa simu: asubuhi ya kipimo oga, ila usipake deodoranti, poda wala losheni kifuani na kwapani. Sababu haitajwi. Wengi hudhani ni mambo ya usafi. Mimi agizo hilo lilinikaa kichwani mpaka nikamuuliza mtaalamu wa mionzi aliyenipiga picha, mama wa makamo aliyekulia Lubumbashi, ambaye aliposikia lafudhi yangu aliweka Kiingereza kando na kuniita dada.

Akanieleza kwamba deodoranti nyingi zina aluminiamu, na poda nayo ina madini. Chembe zake zikishika kwenye ngozi huzuia mionzi na kutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe. Na vidoa vyeupe ndivyo anavyovisaka mchana kutwa. Ndani ya titi kunaweza kujijenga chembe za kalsiamu, ndogo kama punje za chumvi, ambazo vidole haviwezi kuzigundua hata ujipapase namna gani. Nyingi hazina madhara yoyote. Lakini zikirundikana mahali pamoja, zikiwa na maumbo yasiyolingana, huenda zikawa dalili ya saratani changa kabisa, ambayo bado haijawa uvimbe. Kwa hiyo poda ya asubuhi yaweza kumrudisha mwanamke mashineni kwa mara ya pili, na kumkosesha usingizi kwa jambo ambalo halipo.

Nilishangaa kwa nini maelezo ya dakika moja namna hii hayaandikwi kwenye ujumbe wa simu. Akasema hata yeye hajui.

Kisha ikaja zamu ya kibao cha kubana. Aliliweka titi kwa mikono yake juu ya sahani ya mashine, akalivuta mbele polepole, akanishusha bega, akanigeuza uso pembeni. Akakanyaga pedali, kibao cha plastiki angavu kikashuka. “Vumilia, dada. Sasa bana pumzi.” Kinabana, na baadhi yetu huumia kweli, anayemwambia mwenzake kwamba hakuna maumivu hamtendei haki. Lakini ni sekunde chache tu, mara mbili kwa kila titi: picha moja kutoka juu, nyingine ya mshazari ili sehemu ya kuelekea kwapani nayo ionekane.

Kwa maelezo yake, kubana huko ndiyo nusu ya kipimo. Titi lisipobanwa, tishu hulaliana na kufichana. Likitandazwa, kilichokuwa chini hujitokeza, mionzi inayohitajika hupungua, na picha haiingii ukungu kwa kutikisika. Kwa ambaye bado anapata hedhi, anashauri aende wiki inayofuata baada ya siku zake, matiti yakiwa hayajajaa wala kuuma.

Nilipofuatilia historia ya kipimo hiki nikakuta kwamba kibao na vidoa vinakutana kwa mtu mmoja, Raúl Leborgne wa Uruguay. Kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, daktari huyo alisisitiza kulibana titi, na akaonyesha uhusiano wa chembe za kalsiamu na saratani. Kabla yake, mwaka 1913 huko Berlin, daktari wa upasuaji Albert Salomon alichapisha utafiti wa eksirei za matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa. Wanawake wenyewe, kipimo hiki kiliwachelewa.

Na bado kinawachelewa wengi. Afrika Kusini ina sera ya saratani ya matiti tangu 2017, lakini haina mpango wa kuwaita wanawake wote kupimwa. Mwenye bima hupiga simu na kupangiwa siku. Asiye nayo huanzia zahanati, asubiri rufaa ya kwenda hospitali ya Helen Joseph au Charlotte Maxeke. Na mama wa Kikongo au Mtanzania anayeishi mtaa wa Bez Valley au Yeoville je? Mwaka 2025 vikundi vinavyopinga wageni vilisimama kwenye milango ya zahanati kadhaa vikidai vitambulisho. Mwanamke aliyegeuzwa pale mlangoni rufaa ataipata wapi? Nilimuuliza mama wa Lubumbashi. Alitikisa kichwa, akaendelea kufuta sahani kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.

Jambo moja alilirudia, nami nawafikishia. Mamografia ya kawaida ya kupima mapema ni ya mwanamke asiye na dalili, na wataalamu wengi hapa hushauri kuianza ukifika miaka 40. Ukigusa uvimbe, ukiona chuchu imeingia ndani au inatoa damu, au ngozi imekunjamana, usingoje umri huo wala usijifariji kwamba picha ya mwaka jana ilikuwa safi. Nenda ukaonwe na daktari wiki hii.