KUKU ALIYEPITA KATIKA SINEMA

Leo hatuanzi na kofia ngumu wala na bote. Tunaanza na kuku. Someni mpaka mwisho, nanyi mtaona kwamba kuku huyo anahusu kazi yetu ya shimoni na maisha yetu katika kampi, kutoka Kolwezi mpaka Dilolo kule mpakani.

Zamani za ukoloni, mkaguzi mmoja wa afya alitengeneza filamu fupi ya kufundisha watu wa kijiji. Ilikuwa ya dakika tano hivi. Somo lake lilikuwa maji yaliyosimama karibu na nyumba. Filamu ilionyesha mtu akikausha vidimbwi, akiokota mikebe mitupu na kuiweka mbali. Kila jambo lilionyeshwa pole pole, ili mtu yeyote aelewe.

Watu zaidi ya 30 waliketi wakaitazama. Ilipokwisha wakaulizwa: «Mmeona nini?» Wakajibu: «Tumeona kuku.»

Wenye filamu walishangaa. Wao wenyewe hawakujua kama kuna kuku ndani yake! Ikawabidi waipitie filamu yao picha moja moja. Na kweli, kuku alikuwapo: chini, upande wa kuume, kwa muda kama wa sekunde moja tu. Mtu alikuwa amemshtua, naye akaruka.

Habari hii ilisimuliwa na Profesa John Wilson wa London, na maneno yake yakachapishwa mwaka 1961. Mwaka 1962 mwalimu wa Kanada, Marshall McLuhan, aliiweka katika kitabu chake, na toka hapo ikajulikana duniani kote. Wengi walioisoma walisema: «Tazameni, Waafrika hawajui kutazama picha.» Sisi tunataka uifikirie upya, ndugu msomaji, maana siku hizi nawe unaonyeshwa filamu za usalama, na uzima wako unategemea ulichoona ndani yake.

FILAMU HIZO ZILIANZA WAPI?

Pengine hujui kwamba mojawapo ya kazi kubwa za kwanza za filamu za mafundisho katika Afrika ya Mashariki ilitokana na migodi ya shaba. Mwaka 1932 Mmarekani J. Merle Davis alikuja na wenzake kuchunguza namna migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ilivyobadilisha maisha ya watu. Waliona wanaume wametoka vijijini, wamekaa kampini kati ya wageni, na mapumziko yao hayana mpango. Ndipo likazaliwa wazo la kuwafundisha na kuwafurahisha watu kwa sinema.

Toka mwaka 1935 hadi 1937 kazi hiyo ilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Msimamizi wa kutengeneza filamu alikuwa Meja L. A. Notcutt, pamoja na G. C. Latham. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, na wachezaji walikuwa Waafrika. Sauti ilitoka katika sahani za santuri, kwa hiyo filamu moja iliweza kusema Kiswahili hapa na Kibemba kule, kwa kubadili sahani tu. Gari lilibeba mashine na pazia jeupe kutoka mahali hadi mahali.

Filamu moja ilihusu akiba ya posta. Watu wawili wanapokea mshahara. Mmoja anazika fedha zake ardhini, na mwizi anazichimbua. Mwenzake anaziweka posta, na zinabaki salama. Nyingine ilihusu malaria ya watoto wachanga, nyingine minyoo ya safura. Mwaka 1937 kazi ilisimama, kwa kuwa serikali za makoloni hazikutaka kuilipia.

Mwaka 1939 Waingereza walianzisha idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yao. Kiongozi wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa mtu wa afya huko Nigeria. Sheria yake ilikuwa hii: filamu ya Mwafrika iende pole pole, jambo moja moja, bila ufundi wa kuchezea picha. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1955.

Kwetu Kongo, serikali ya Ubelgiji ilichagua filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kutazama, na nyingine akakatazwa. Katika kampi za Union Minière sinema ilikuwa sehemu ya mapumziko, sawa na mpira. Mapadri nao walitengeneza filamu zao. Padri Alexandre Van den Heuvel alichora hadithi za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili. Huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Watu walicheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na mafundisho. Na huko Léopoldville, Wakongomani wenyewe walianza kushika kamera: Albert Mongita mwaka 1951, na Emmanuel Lubalu mwaka 1953.

Kama una babu au bibi mzee aliyekaa kampini miaka ile, muulize usiku huu: «Ulitazama nini, na unakumbuka nini?» Msikilize vizuri. Jibu lake ni somo.

MACHO HAYAKUWA NA KOSA

Je, ni kweli watu wetu hawakujua kutazama picha? Twende Luanshya, ng'ambo ya mpaka, katika migodi ya shaba kama yetu. Mwaka 1953 na 1954 Mmarekani Hortense Powdermaker alikaa huko, akaandika habari za wachimbaji na jamaa zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Yeye hakukisia. Wasaidizi wake walikaa kati ya watu, wakaandika maneno yaliyosemwa sinema ikiendelea.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya cowboy wa Marekani. Wachimbaji walimwita «Jack», awe nani awe nani. Farasi wanakimbia, bunduki zinalia, picha zinabadilika haraka haraka, na maneno ni ya Kiingereza ambacho wengi hawakukijua. Hata hivyo watu walimfuata Jack, wakamshangilia na kumwonya adui akija nyuma yake.

Basi fikiri mwenyewe. Mtu anayeweza kumfuata Jack juu ya farasi, atashindwaje kuona mkebe wa maji? Macho yalikuwa mazima. Lakini mkebe na dimbwi ni vitu vya kila siku, na katika filamu ile havikumtisha mtu yeyote. Kuku ana uhai, ana mwenyewe, ana bei, na ameshtuliwa! Jicho la binadamu, mweusi kwa mweupe, hukimbilia kinachoshtuka.

Tena wenye filamu wenyewe hawakumwona kuku. Wao walijua somo lao, kwa hiyo waliona somo tu. Kama wasingeuliza, wangepakia mashine katika gari na kuandika: «Watu zaidi ya 30 wamefundishwa kuondoa maji yaliyosimama.» Na mbu wangeendelea kuzaa. Swali lile moja, «Mmeona nini?», lilifanya kazi kuliko filamu nzima.

FILAMU HAIONYESHI YOTE

Chukua habari ya safura. Si ugonjwa wa shamba peke yake. Karibu na mwaka 1880, mafundi waliochimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard, huko Uswisi, walipauka na kuishiwa nguvu. Waganga waligundua minyoo midogo ndani ya matumbo yao, inayonyonya damu. Chini ya ardhi kulikuwa na joto na unyevu, na vyoo havikutosha. Baadaye ugonjwa huo ulipatikana kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Ubelgiji pia, hata ukaitwa ugonjwa wa wachimbaji.

Filamu inaweza kukuonyesha mnyoo mkubwa kama nyoka juu ya pazia, nawe ukasema: «Kwetu hakuna mnyama kama huyo.» Ukweli ni kwamba mtoto wa mnyoo huyo huwezi kumwona kwa macho. Anatoka katika mavi yaliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu, anapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, na mwisho wake anafika tumboni. Kwa hiyo kinga ni tatu: choo, kiatu, na dawa ya lopitali.

Habari ya mbu ni hivyo hivyo. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14 hivi, kadiri ya joto. Basi, mama, ukimwaga maji ya mikebe, ya matairi na ya vyungu vya maua kila juma, kiluwiluwi anakufa kabla ya kupata mabawa. Usingoje vidimbwi vinuke: mbu wa malaria anapenda hata maji safi ya mvua. Na chandarua kibaki kitandani kila usiku.

NA WEWE, UTAONA NINI KESHO?

Siku hizi gari la sinema halipiti tena. Video ya usalama iko katika chumba cha mafunzo, na nyingine iko ndani ya telefoni yako. Unaketi, unatazama, unatia sahihi, unapanda gari kwenda kazini. Lakini sahihi haikingi kichwa. Ukiwa umeona kuku tu, umeshuka shimoni bila somo.

Tuseme video inafundisha kazi baada ya kulipua baruti. Ndani yake kuna mashine mpya ya kutoboa, nzuri, yenye taa kubwa. Wote wanaitazama mashine. Hiyo ndiyo kuku! Somo lenyewe limepita nyuma yake: usitoboe kamwe katika shina la tundu la zamani, maana baruti isiyolipuka inaweza kuwa imelala humo. Wala usirudi mahali palipolipuliwa kabla moshi wake haujaondolewa na mkubwa wa kazi hajaruhusu. Katika moshi huo kuna gesi usiyoiona wala kuinusa, nayo inaua.

Au video inafundisha kupima jiwe la juu kwa mtaimbo. Jiwe lililoshika hulia kwa sauti kali, kama chuma. Jiwe lililoachana na mwamba hulia bubu, kama ngoma iliyolegea. Sauti hiyo huijui kwa kuangalia. Mwombe mzee wa kazi agonge mbele yako, ukiwa umesimama chini ya mahali palipokwisha kuwa salama, kisha ugonge mwenyewe.

Au video inaonyesha lori kubwa la shimo la wazi. Imepigwa saa sita mchana, udongo ni mkavu. Lakini wewe uko zamu ya usiku, mvua inanyesha, na vumbi limekuwa tope. Dereva aliye juu kule hamwoni mtu aliye karibu na magurudumu yake. Sema wazi: «Shefu, video hii ni ya mchana. Usiku tufanye namna gani?» Hilo si swali la ujinga, ni swali la mtu anayetaka kurudi nyumbani.

MASWALI MATATU KWA KAPITA NA SHEFU

Ewe kapita, baada ya kila filamu usiulize «Mmeelewa?» Wote watajibu «Ndiyo», na kila mmoja atakwenda na kuku wake. Uliza hivi:

1. Umeona nini? Mwache mtu aseme yote, hata mambo ya kuchekesha. Usimcheke wala usimkemee, maana anayechekwa leo atanyamaza kesho, hata akiona ufa katika mwamba.

2. Jambo hilo kwetu liko wapi? Akuonyeshe kwa kidole mahali penyewe: ngazi hii, tundu lile, njia hii ya malori.

3. Kesho ukifika kazini utafanya nini kwanza? Aonyeshe kwa mikono yake, si kwa maneno tu.

Kama watu watano wamemwona kuku, kosa ni la filamu au la aliyeifundisha. Ifundishe tena kwa njia nyingine.

Nanyi wazazi, fanyeni vivyo hivyo nyumbani. Watoto wakileta somo la afya kutoka masomo, au wakitazama video katika telefoni, waulize wameona nini. Halafu watokeni pamoja nje, mzunguke nyumba, mtafute mkebe wa kwanza wenye maji. Mtoto aumwage mwenyewe. Mkono wake utakumbuka.

Watu wale wa kijijini walisema kweli walichoona, na kwa ukweli wao wenye filamu walijua kwamba somo halijafika. Nawe usione haya. Ukiulizwa umeona nini, sema. Na kama hukuulizwa, omba uulizwe, kabla ya kushuka.

USALAMA KWANZA! ULICHOONA, KISEME.