Prosesa yenye kufuli: Mali ni ya nani?

Mtu akinunua mashua, hapana fundi atakayemjia kumwambia asitweke tanga kubwa. Akipenda kuikimbiza na kaskazi mpaka mlingoti ulie, mashua ni yake na hasara ni yake. Katika biashara ya kompyuta mambo si hivyo. Mnunuzi hulipa, akakabidhiwa kitu chake, na ndani yake mna kufuli lililotiwa huko huko kiwandani.

Nazungumzia prosesa, kile kijibamba ambacho ndicho ubongo wa kompyuta. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa moyo, na mapigo hayo huhesabiwa kwa megahezi, yaani mamilioni ya mapigo kwa kila sekunde. Idadi yake hutokana na hesabu ya kuzidisha. Kuna mapigo ya ubao mkubwa, ambao mafundi huuita mazabodi, na kuna kizidishio kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Kuyapandisha mapigo kupita kiasi kilichoandikwa na kiwanda ndiko vijana wapenzi wa michezo ya kompyuta wanakokuita ovakloki. Mimi nitasema kuikimbiza, maana ndivyo ilivyo.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kukifunga kizidishio. Sababu waliyoitoa haikuwa ya uongo: kulikuwa na walanguzi waliofuta maandishi juu ya prosesa za bei ndogo, wakaandika namba kubwa, wakaziuza kwa bei ya zile bora. Lakini kufuli lile lilimzuia mlanguzi na mnunuzi mwema pamoja.

Sasa sikiliza kisa cha Celeron 300A, ambacho mafundi wa makamo wangali wakikisimulia. Prosesa hiyo ilitoka Agosti 1998 kwa dola 149. Kwa hesabu ya kiwanda ilikwenda megahezi 300: mapigo 66 ya ubao, kizidishio 4.5, nacho kimefungwa. Wakati huo huo Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Celeron ilikuwa ya mtu mwenye kipato kidogo, na jina lake lilikuwa limekwisha chafuka, kwani zile za kwanza zilizotoka Aprili mwaka huo hazikuwa na memori ya akiba ya daraja la pili, zikawa nzito kama punda aliyechoka.

Mafundi wakaona jambo. Kizidishio hakifunguki, lakini nani ameufunga ubao? Mazabodi mpya za mwaka huo, kama vile ABIT BH6, ziliweza kwenda kwa mapigo 100 badala ya 66. Fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: 100 mara 4.5 ni 450. Mtu aliingia katika bayosi, yaani ile programu ya ubao inayoamka kabla ya nyingine zote, akabadili namba moja, na prosesa ya dola 149 ikakimbia sawa na ya dola 669. Asiyekuwa na ubao wa namna hiyo alifunika kwa kipande cha utepe kidole kimoja cha shaba kwenye ukingo wa prosesa, kinachoitwa B21, na ubao ukadhani umepewa prosesa ya mapigo 100. Utepe tu! Tena Celeron hiyo ilikuwa na kilobaiti 128 za memori ya akiba iliyokwenda kwa kasi ya prosesa yenyewe, ilhali Pentium II ilikuwa na 512 zilizokwenda kwa nusu ya kasi. Katika michezo kama Quake II na Half-Life, tofauti ya ndugu hao wawili ilikuwa ndogo mno.

Si kila moja iliyokubali. Nyingine zilitaka volti zaidi kidogo kuliko 2.0 za kawaida, na nyingine hazikuwaka kabisa. Watu walibishana kama zilizofungwa Malaysia zilikuwa imara kushinda za Costa Rica. La ajabu ni kwamba aliyeogopa akasimama njiani ndiye aliyejitia hatarini. Kwa mapigo 100 ubao uliyagawa kwa 3, na kadi zilizochomekwa zikapata 33 zao kama desturi. Kwa mapigo 83 uliyagawa kwa 2 tu, kadi zikapata 41 na ushei, na disiki ikaweza kuharibu yaliyoandikwa ndani yake.

Kwa nini ilikubali? Kwa sababu viwanda hutengeneza vijibamba vingi kutoka sahani moja, huvipima, kisha huvitia lebo. Soko likitaka vya bei ndogo vingi kuliko vilivyo dhaifu, vyenye nguvu navyo hutiwa lebo ndogo. Hapo kufuli halilindi chuma, hulinda bei. Mwaka 2010 Intel yenyewe ilituonyesha jambo hilo waziwazi, ilipouza Pentium G6951 kisha ikauza kadi ya dola 50 yenye namba za siri za kufungulia uwezo uliokuwa umo humo tangu awali. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata mpango ule ukafa.

Mwaka 2011 njia ya ubao ilizibwa karibu yote, na aliyetaka kukimbiza akaelekezwa kwenye prosesa zenye herufi K, zilizo ghali. Ilifunguka tena Desemba 2015, wenye kutengeneza mazabodi kama ASRock walipotoa bayosi zilizoruhusu hata Core i3-6100 kukimbizwa. Kufikia Februari 2016 Intel ilikuwa imewafanya wairudishe nyuma. Mshindani wao, AMD, alitoa Ryzen mwaka 2017 bila kufuli, na nadhani hilo liliwafaa wanunuzi kuliko hila zote za utepe.

Haya yananigusa kwa sababu ya mpwa wangu, aliyeweka akiba ya kununulia kompyuta ya michezo iliyokwisha tumika. Alinijia akasema, "Mjomba, kuna moja ya i3-6100, muuzaji asema yaenda kama i5. Kwani kuikimbiza kuna ubaya?" Nikamwambia, "Ikiwa ni yako, hapana. Mwenye kuuza ndiye ninayetaka kumsikia." Maana muuzaji akinyamaza, ameficha aibu ya bidhaa, nasi twalijua jina la jambo hilo sokoni: ni ghushi, sawa na yule mlanguzi mfuta maandishi. Prosesa ya namna hiyo ikikimbizwa hupoteza picha za ndani kwa ndani, hivyo haina budi kuwa na kadi ya picha, na kipimajoto chake hakisomi sawasawa.

Na joto ndilo jambo. Mafundi wa Ulaya hujaribu katika chumba cha digrii 20. Mombasa mwezi wa Machi chumba hupita 30, na feni haiwezi kuipoza prosesa kushinda hewa inayoivuta. Iliyo imara London huweza kuzimika Majengo.

Basi nilimpa mpwa wangu kazi ya kufanya. Aombe kuingia katika bayosi, atazame mapigo ya ubao: i3-6100 hutakiwa 100, na akikuta 127, imekimbizwa. Kisha autie mchezo mzito, auache saa nzima baada ya adhuhuri, si asubuhi kwenye upepo. Muuzaji asipokubali, arudi nyumbani na fedha zake, kompyuta kuukuu zi tele mjini.