Gasketi mpya, uchafu wa zamani: namna ya kusafisha injini bila kuiharibu

Ndugu zetu wanakamati wa parokia na wafadhili,

Mashine za kusaga, pampu za maji na jenereta za zahanati zetu zimenunuliwa kwa sadaka za waamini na michango yenu. Inatuuma sana injini inapokufa muda mfupi baada ya kutengenezwa. Kwa kawaida hulaumiwa spea bandia. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haionekani kirahisi: uchafu ulioingia ndani wakati wa kubandua gasketi iliyoungua.

Tatizo linaanzia wapi?

Gasketi ya silinda hedi huziba pale hedi inapokutana na bloku, ili moto, maji na oili visivuje wala kuchanganyika. Ikiungua, mabaki yake hung'ang'ania kwenye chuma. Fundi mwenye haraka huyaondoa kwa msasa au grenda, na chuma hung'aa kwa dakika chache. Hata hivyo, punje za msasa ni ngumu kuliko metali ya beringi. Zikidondokea kwenye njia za oili, hujichimbia ndani ya beringi na kuikwangua krankishafti kila inapozunguka. Filta haizikamati zote. Grenda nayo huacha mabonde, hasa kwenye hedi ya aluminiamu, na gasketi mpya huvuja.

Njia tunayoipendekeza

1. Kabla ya kuanza, silinda na matundu yote ya oili na maji yazibwe kwa matambara safi yasiyotoa nyuzi. Matambara yahesabiwe.

2. Mabaki yalowanishwe kwa dawa ya kuondolea gasketi, kisha yabanduliwe taratibu kwa skrepa iliyolazwa. Kwa aluminiamu itumike skrepa ya plastiki.

3. Upepo wa kompresa usitumike kupuliza mabaki, kwani huyatawanya hadi ndani ya silinda. Yafutwe kwa tambara bichi. Zaidi ya hayo, gasketi za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Zisikwanguliwe zikiwa kavu, na mabaki yafungwe kwenye mfuko.

4. Matundu ya bolti yasafishwe na kukaushwa. Uchafu ukibaki chini, bolti huonekana imekaza kumbe hedi haijabanwa. Maji au oili ikifungiwa humo inaweza kupasua bloku.

5. Matambara yatolewe na kuhesabiwa tena. Oili na filta vibadilishwe kabla ya kuwasha injini.

Wajibu wa kamati

Si lazima mwanakamati awe fundi. Tunaomba mmoja wenu awepo siku ya kazi na aulize mambo matatu: Matundu yamezibwa? Matambara yametoka yote? Oili na filta ni vipya? Fundi mzuri hatachukizwa na maswali hayo. Naye asiharakishwe, nusu siku ya kubandua kwa subira ni nafuu kuliko krankishafti mpya.

Kwa wafadhili, tunaomba bajeti ya matengenezo isiishie kwenye gasketi. Oili, filta na dawa ya kusafishia ni sehemu ya kazi ileile. Bila hivyo, mama aliyebeba debe la mahindi atakuta tena mlango wa mashine umefungwa.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.