Kuuza Nyumba: Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

Ukipanda daladala ya Mbande pale Mbagala Rangi Tatu, ukashuka Chamazi na kuingia mitaani kwa miguu, huenda ukakutana na maandishi yaliyozoeleka katika jiji letu la Dar es Salaam: "Nyumba hii haiuzwi". Wanaoyaandika ni watu wanaoogopa matapeli, au ndugu wanaogombea urithi. Lakini yana somo hata kwa yule ambaye nyumba yake inauzwa kweli. Mnunuzi anayekuja kwako ameyasoma njiani, naye anafika akiwa na hofu moyoni. Kazi yako ya kwanza ni kumtoa hofu hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilituponza sisi. Kaka yetu alipofariki aliacha nyumba ya vyumba vitatu huko Chamazi, nasi tukakubaliana iuzwe ili watoto wake waendelee na shule. Tukachangishana, na fedha yote ikaishia kwenye rangi, ndani na nje. Mnunuzi wa kwanza akaja, akaisifu nyumba, kisha akauliza: msimamizi wa mirathi ni nani? Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekwenda Mahakama ya Mwanzo. Bwana yule akaaga kwa heshima na hakurudi tena. Tulipoipata barua ya usimamizi, masika ilikuwa imepita na ukuta wa mbele umeota ukungu.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na karatasi. Sehemu kubwa ya Chamazi ilikuwa mashamba, na wengi walimegewa viwanja na wenye mashamba kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, itafute sasa, na uulizie kama mashahidi wale bado wapo. Kama una leseni ya makazi, inayotolewa na manispaa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, tazama muda wake usiwe umekwisha. Mwenye hati miliki ahakikishe kwamba jina lililomo ni lake na kodi ya ardhi haina deni. Mnunuzi mwangalifu atakwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, nawe ni heri umtangulie.

Pili, zungumza na mwenzako wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mazungumzo hayo yafanyike leo sebuleni, si siku mnunuzi amekuja na fedha.

Tatu, maliza madeni. Bili ya maji inajulikana. Inayosahaulika ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Nyumba iliyokaa miezi bila mtu kununua umeme huwa inalimbikiza deni kwenye mita, na mgeni akinunua umeme kwa mara ya kwanza ndipo atakapoligundua. Linunue wewe, uone kinachokatwa.

Sasa tuingie kwenye matengenezo. Zunguka nyumba yako kama mtu asiyeijua, tena uanzie juu. Mabati yanayovuja huacha alama za kahawia kwenye dari. Mwite fundi azibe matundu ya misumari kwanza, kisha ubadilishe ule ubao wa dari ulioharibika. Kupaka rangi juu ya alama bila kuziba tundu ni kumdanganya mnunuzi hadi mvua ya kwanza, na mvua ikimkuta hajamaliza kulipa, mtaonana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kisha tazama maji yanapita wapi. Zibua mfereji, ondoa mchanga uliojaa nyuma ya nyumba, funika vizuri shimo la choo. Kazi hiyo ni ya jembe, toroli na kibarua wa siku moja. Tia mafuta bawaba za milango, badilisha kitasa kilichokufa na nyavu za dirisha zilizotoboka. Pita mpakani pamoja na majirani wako, mkubaliane mahali zilipo bikoni, kwa maana mnunuzi atawauliza hao hao.

Fedha ikibaki, ndipo nunua rangi. Ndoo moja ya rangi nyepesi, kwa ukuta wa mbele na sebule, inatosha. Usibadilishe vigae wala usiongeze chumba. Mnunuzi ana mapenzi yake, na gharama hiyo hatakurudishia.

Neno moja kuhusu dalali. Patana naye malipo yake mapema na myaandike. Mpe nakala za karatasi, asilani usimkabidhi hati zenyewe. Malipo ya nyumba yapite benki, na mkataba uandikwe mbele ya wakili.

Namalizia na ile nyumba ya kaka yetu. Aliyeinunua hatimaye aliukuta ukungu ukutani. Alisoma barua ya mahakama, akasoma hati ya mauziano, akazungumza na majirani, kisha akaomba apunguziwe kidogo kwa sababu ya ukungu ule. Tukampunguzia, akalipa. Yule wa kwanza aliikuta rangi mbichi inanukia, na hakuomba apunguziwe hata shilingi moja. Aliondoka tu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.