Liz Smith: Nyanya aliyechelewa kufika

Katika kumbi zetu za sinema, mtazamaji huuliza swali moja tu kabla ya taa kuzimwa: steringi ni nani? Akishaonyeshwa, basi. Macho yake humfuata steringi huyo mpaka mwisho, maana ajua kwamba steringi hafi. Wengine wote, mwenye duka, mpishi, bibi kizee anayechungulia dirishani, huhesabiwa kama vyombo vya nyumbani, mfano wa kiti na meza.

Leo nakuomba, msomaji, umwache steringi aende zake, nawe umtazame huyo bibi kizee wa dirishani.

Kwa muda wa karibu miaka 40, bibi kizee huyo katika sinema na televisheni za Uingereza aghalabu alikuwa Bi. Liz Smith. Huenda jina hulijui. Lakini kama umepata kuitazama filamu ya Charlie and the Chocolate Factory ya mwaka 2005, ile ya Johnny Depp, basi umemwona. Wako wazee wanne wanaolala kitanda kimoja, wawili upande huu na wawili upande ule. Mmoja wao uzee umemvuruga akili kidogo, hivyo wenzake wanapozungumza jambo zito yeye hudakia kwa neno lisilohusiana nalo hata chembe. Huyo ndiye Liz Smith. Ana maneno machache mno katika filamu nzima, na watoto niliowahi kuitazama pamoja nao walikuwa wakimngojea yeye afungue kinywa.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80, na watu wengi walidhani kwamba alizaliwa mzee hivyo hivyo, na kwamba maisha yake yote yalipita mbele ya kamera. Sivyo kabisa.

MTOTO WA NYANYA

Alizaliwa Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Lincolnshire, tarehe 11 Desemba 1921. Jina alilopewa ni Betty Gleadle. Mama yake alifariki katika uzazi, mtoto akiwa na miaka miwili tu. Baba naye hakukaa. Alioa mke mwingine, akaenda zake, na uhusiano na bintiye ukakatika. Betty akalelewa na nyanya yake.

Jambo hili la kulelewa na nyanya nimelitaja makusudi. Mwanamke aliyekuja kujulikana na taifa zima kwa kuigiza nyanya, mtu wa kwanza aliyemtazama kwa makini utotoni mwake alikuwa nyanya. Alijua jinsi mzee anavyoketi. Alijua pia kwamba mzee anaweza kuwa mpole na mchoyo katika dakika moja, wala asione ajabu yoyote.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Alipelekwa India, na huko ndiko alikokutana na bwana aliyekuja kumwoa. Walipata watoto wawili, lakini ndoa haikudumu, wakaachana mwishoni mwa miaka ya 1950. Bi. Smith akabaki na watoto, kodi ya nyumba na mikono yake miwili.

Hapo ndipo miaka mingi ilipopita. Alifanya kazi viwandani. Alifanya kazi madukani. Jioni, watoto wakishalala, alikwenda kufanya mazoezi na kikundi cha Charles Marowitz, mwongozaji wa michezo kutoka Marekani aliyekuwa London, ambapo waigizaji walijifunza kubuni maneno yao papo hapo bila kitabu mkononi. Kazi hiyo haikumlisha. Mwanamke wa miaka 40 na kitu, hana umaarufu, hana urembo wa mabango ya sinema, ana watoto wa kulisha: ni nani angempa nafasi? Wako waliokuwa na kipawa kama chake, wakakata tamaa huko huko viwandani, na sisi hatutawajua kamwe.

SIMU YA BWANA LEIGH

Bi. Smith mwenyewe alikuwa akikaribia miaka 50, na kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya kuchezea watoto katika duka la Hamleys mjini London wakati wa Krismasi, alipopata habari kwamba kijana mmoja mwongozaji anamtafuta. Kijana huyo ni Mike Leigh, ambaye leo ni mmoja wa waongozaji wakuu wa Uingereza, lakini siku hizo alikuwa bado hajatoa filamu hata moja. Alihitaji mwanamke wa makamo awezaye kubuni mazungumzo. Filamu ikawa Bleak Moments ya mwaka 1971, na Bi. Smith alikuwa mama ya mmoja wa wahusika.

Leigh hakumsahau. Mwaka 1973 BBC ilionyesha mchezo wake uitwao Hard Labour, na mara hii alimweka Bi. Smith katikati kabisa. Ni Bi. Thornley, mwanamke anayesafisha nyumba za wenye nacho, kisha anarudi kwake kumhudumia mume asiyejua kusema ahsante. Kuna mahali anamsugua mume huyo mabega kwa dawa ya maumivu. Hasemi kitu. Ni mikono tu inayokwenda na kurudi, na uso wa mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo kuliko anavyomzoea mwenye mabega. Baadaye anakwenda kuungama kwa padri, na dhambi anayoitaja ni kwamba hapendi watu vya kutosha.

Mimi naamini kwamba hakuna chuo cha maigizo ambacho kingemfundisha binti wa miaka 20 kusugua mabega namna ile. Ile miaka iliyosemekana kuwa imepotea, ya viwandani na madukani, ndiyo unayoiona katika mikono ile.

Baada ya hapo kazi zilimjia mfululizo, ingawa aghalabu zilikuwa za pembeni. Alikuwa Annie Brandon katika kichekesho cha televisheni kiitwacho I Didn't Know You Cared, kuanzia mwaka 1975. Mwaka 1984 ulikuwa wa neema kwake. Katika A Private Function, iliyoandikwa na Alan Bennett, tunarudishwa mwaka 1947, vita vimekwisha lakini nyama bado inauzwa kwa mgao. Wakubwa wa mji mdogo wa Yorkshire wanamnenepesha nguruwe kwa siri, wapate karamu siku ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Mtibabu wa miguu wa mji huo, Michael Palin, anamwiba nguruwe na kumficha nyumbani. Mkewe ni Maggie Smith (jina ni moja, lakini si jamaa), na mama mkwe wake ni huyu Liz Smith.

Sasa, nguruwe ananuka. Mgeni akija na kuanza kukunja pua, binti hana budi kumsingizia mama yake, na kueleza kwamba mzee ana miaka 74. Ni kichekesho cha kuvunja mbavu. Lakini mtazame mama mwenyewe. Anajua kwamba si yeye, na anajua vilevile kwamba neno la mzee wa miaka 74 halisikilizwi. Liz Smith analicheza jambo hilo kwa ukali wa kweli, bila ya kuomba huruma hata kidogo, na kwa hiyo kicheko kinakukwama kooni. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Alikuwa na miaka 63 alipoichukua.

Mwaka huo huo alikuwa Bi. Dilber katika A Christmas Carol, ile ya George C. Scott. Bi. Dilber ndiye kibarua anayeuza vitu vya bahili Scrooge hata kabla marehemu hajazikwa. Ni tukio moja tu, la dakika chache. Ilipotengenezwa filamu nyingine ya hadithi hiyo mwaka 1999, ya Patrick Stewart, waliomtafutia Dilber wakaona hawana haja ya kuhangaika. Wakamwita yeye yule.

Sitaki kumsifu bila kipimo. Watengenezaji wa filamu walipomwona anafaa kuwa kikongwe mwenye vituko, walimpa vikongwe wenye vituko mpaka basi. Katika The Vicar of Dibley, kuanzia mwaka 1994, alikuwa Letitia Cropley, mama wa kijijini anayepika keki zenye viungo visivyolika. Kichekesho ni hicho hicho kila juma, na angeweza kukicheza huku amefumba macho. Hata hivyo, Letitia alipokufa katika kipindi cha Pasaka cha mwaka 1996, nilimkosa.

NANA

Kisha mwaka 1998 ikaja The Royle Family, na hapa nitakaa kidogo.

Hiki ni kichekesho cha televisheni kisichofanana na vingine. Familia ya wafanyakazi wa Manchester imeketi sebuleni, inatazama televisheni, inavuta sigara, inapiga soga. Karibu hakuna kinachotokea. Hakuna vile vicheko vya kutiwa vya kukuambia ucheke wapi. Mtunzi wake mkuu, Bi. Caroline Aherne, ambaye mwenyewe aliigiza binti wa nyumba hiyo, aliandika akishirikiana na Craig Cash.

Liz Smith ni Nana, mama ya mama wa nyumba. Nana ndilo jina watu wa huko wanalomwitia nyanya. (Kwa Waswahili wa zamani pia nana lilikuwa jina la kumwita bibi wa heshima, na sijui kama Bi. Aherne angefurahi zaidi au angecheka zaidi kulisikia hilo.) Nana ni mdeku, anapenda kuhudumiwa, anajifanya hasikii anapotaka na kusikia vizuri sana chakula kinapotajwa. Mkwewe, Jim, anamnung'unikia mchana kutwa. Uzuri wa Liz Smith ni kwamba hakumsafisha Nana ili tumpende. Alimwacha na uchoyo wake wote, na tukampenda vivyo hivyo, kama tunavyowapenda wa nyumbani kwetu.

Tarehe 29 Oktoba 2006 kilionyeshwa kipindi maalumu kiitwacho The Queen of Sheba. Nana anaumwa, kitanda chake kimewekwa pale pale sebuleni, katikati ya soga na televisheni. Binti yake Barbara, anayeigizwa na Sue Johnston, anamchana nywele. Wanazungumza polepole, mambo madogo madogo, na wote wawili wanajua kinachokuja. Bi. Smith alikuwa na miaka 84. Hatoi sauti ya kuigiza, halazimishi chozi. Anaulegeza tu uso wake katika mikono ya bintiye, kama mtoto anayesukwa. Nana anapokufa, hata Jim mwenye maneno makali analia. Kipindi hicho kilipata tuzo ya BAFTA mwaka 2007.

Alitoa kitabu cha maisha yake, Our Betty, mwaka 2006. Mwaka 2009 alipewa nishani ya MBE, na mwaka huo huo, baada ya kupatwa na kiharusi, akastaafu. Yeye aliyeanza wakati wenziwe walipokuwa wakihesabu miaka ya kupumzika alikuwa na miaka 87.

Caroline Aherne alifariki kwa saratani mwezi wa Julai mwaka 2016, akiwa na miaka 52. Liz Smith alimfuata mwaka huo huo, tarehe 24 Desemba, akiwa na miaka 95. Siku hiyo ndiyo ambayo Bi. Aherne, mtunzi wa Nana, angetimiza miaka 53.