Unauza miche ya bogenvilia? Kabla ya rangi, muulize mteja yuko wapi

Wauzaji wenzangu wa maua, mteja akinifuata inboksi anataka mche wa bogenvilia, namuuliza kwanza: uko wapi, na utaupanda sehemu gani? Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, unataka jua na joto. Mteja wa Dar au Tanga sina wasiwasi naye. Wa Makete namwambia kabisa kabla hajalipa: kule mwezi wa sita na wa saba umande huganda alfajiri, na mche mchanga ukipigwa na barafu ile hauponi kirahisi. Auweke kwenye chungu, mchana autoe juani, usiku wa baridi kali auingize ndani. Akiona hiyo ni kazi, namshauri achukue ua lingine. Bora nikose hela ya leo kuliko kuona picha ya mche mkavu kwenye komenti zangu.

Lalamiko lingine: "Mbona unatoa majani tu?" Mara nyingi ni kivuli, au maji yamezidi. Unahitaji jua la masaa sita hivi kwa siku, na usimwagiliwe mpaka udongo wa juu ukauke. Yurea nayo ikizidi inaleta majani matupu.

Kwenye kusafirisha, usiutoe kwenye kiriba wala kukung'uta udongo, mizizi yake hukatika upesi. Na ukikata vipandikizi, andika rangi ya mmea mama hapohapo. Mche usio na maua huwezi kuubahatisha kwa majani, na mteja aliyelipia nyeupe akipata zambarau hataki kusikia maelezo.