Mama Mwenye Mwili Mkubwa na Sindano ya Mgongo

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa Buhigwe, hukosi kusikia habari za sindano ya mgongo. Mmoja atasema ilimwachia maumivu ya kiuno. Mwingine ameambiwa kwamba mtu hupooza. Mama mwenye mwili mkubwa hunyamaza akitazama chini, maana yeye ana hofu nyingine asiyotaka kuitaja mbele ya wenzake: “Mgongo wangu mimi, wataupatia wapi?”

Akina mama wapendwa, tumeona vema tuzungumzie jambo hili waziwazi. Hofu iliyofichwa humfanya mama achelewe kwenda hospitali, na kwa mwenye uchungu kuchelewa ni hatari kuliko sindano yenyewe.

Ni sindano gani hiyo?

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ganzi ya upasuaji. Dawa huingizwa mara moja kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Mama hufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini yu macho na humsikia mtoto wake akilia. Ya pili huitwa epidurali. Hapo mrija mwembamba huachwa mgongoni, nje ya utando unaoshika maji hayo, ili dawa ya kupunguza uchungu iongezwe kidogo kidogo. Hii hupatikana zaidi katika hospitali chache za miji mikubwa. Huku kwetu milimani, inayojulikana ni ile ya upasuaji.

Kuanzia mwaka 2006, kwa msaada wa Bloomberg Philanthropies, baadhi ya vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma vilipatiwa vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi na wauguzi wakafundishwa upasuaji wa uzazi na kazi ya usingizi. Hivyo mama wa kijijini naye hukutana na sindano hii.

Kwa nini asilazwe usingizi tu?

Wengi wetu tungependa nusu kaputi, tusione wala tusisikie. Lakini kwa mjamzito mnene, nusu kaputi ina hatari zaidi. Mrija wa kupumulia ni mgumu kuuingiza kooni mwake, na akiba ya hewa mwilini mwake huisha upesi. Ndiyo maana wataalamu hupendelea sindano ya mgongo inapowezekana.

Shida ni kuupata mgongo wenyewe. Kwa kawaida mtaalamu hupapasa mifupa ya nyonga, akavuta mstari kwa mawazo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akatafuta nafasi kati ya pingili. Anataka kuchoma chini ya pale unapoishia mshipa mkuu wa fahamu. Mafuta yakifunika mifupa, vidole havioni. Mama huchomwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu, naye hudhani kosa ni lake.

Si kosa lake. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya madaktari wa usingizi wa Uingereza waliojaribiwa kwa kupapasa migongo na kutaja pingili, kisha majibu yao yakalinganishwa na picha. Walipatia mara 29 tu katika kila 100, na unene uliwaongezea ugumu.

Mashine ile ile ya kumwangalia mtoto

Hapa ndipo ultrasaundi inaposaidia. Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao mwaka 1958, tumezoea kwamba mashine hii ni ya tumbo. Lakini kifaa kile kile kinachopitishwa tumboni kinaweza kupitishwa mgongoni. Mama huketi na kupakwa jeli. Mtaalamu huhesabu pingili kuanzia chini, hutafuta mstari wa katikati, na hupima umbali kutoka kwenye ngozi hadi ndani. Huweka alama kwa kalamu, hupangusa jeli, husafisha kwa dawa, ndipo huchoma. Kwa mama mnene sana umbali huo unaweza kupita sentimita 8, basi sindano ndefu huandaliwa mapema.

Tafiti zimeonyesha kwamba pale mgongo usipopapasika, alama hizo hupunguza idadi ya kuchomwa. Mwaka 2008 taasisi ya NICE ya Uingereza iliikubali njia hii kwa epidurali. Lakini mashine pekee haitoshi. Anatakiwa mtu aliyefundishwa kuisoma picha ya mgongo.

Tufanye nini basi?

Hesabu za taifa zilionyesha kwamba mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2015-16 walikuwa 28. Jambo hili ni letu sote, basi tusichekane kwenye mizani.

Dada, kama una mwili mkubwa, useme mapema kliniki. Uliza utajifungulia wapi na nani atakuchoma sindano. Taja kama umewahi kuumia mgongo, kufanyiwa upasuaji, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usijinyime chakula ili upungue ukiwa mjamzito bila ushauri. Ukae karibu na hospitali kabla ya siku zako, hasa wakati wa mvua, barabara za milima yetu zinapoharibika.

Siku ya sindano, kumbatia mto, weka kidevu kifuani, usukume kiuno nyuma, wala usitikisike. Baadaye ukipata maumivu makali ya kichwa yanayozidi ukiketi na kupungua ukilala, mwambie muuguzi, yana matibabu. Kuhusu kiuno, wengi wetu kinatuuma kwa sababu ya mimba yenyewe na kubeba mizigo. Na kupooza ni jambo la nadra sana.

Nasi tuliokwisha kuzaa, tukikaa kwenye benchi lile, tuache kutishana. Tumshike mkono yule aliyenyamaza, tuingie naye kwa muuguzi akaulize.